Waandishi wa tabianchi, tupigieni simu Juni

Kwa Mhariri,

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, sisi watafiti wa bahari hapa Mombasa simu hazitulii. Swali huwa lile lile: mkutano umefaulu au umefeli? Wengine huongeza, eti Mombasa itazama mwaka gani. Tunajibu sentensi mbili, gazeti linatoka, na msomaji habaki na la kushika.

Kazi yenyewe huanza mapema. Kila Juni wajumbe hukutana Bonn, Ujerumani, wakabishania rasimu aya kwa aya, na yasiyoafikiwa yakatiwa kwenye mabano. Viongozi wakipanda jukwaani Novemba, mengi yameshapikwa. Tena nchi hazijawahi kukubaliana kanuni ya kupiga kura, kwa hiyo kila uamuzi hupita kwa maafikiano. Ndiyo maana neno moja huwakesheza watu hadi alfajiri.

Chukueni fedha. Katika mkutano wa Baku, Azerbaijan, mwaka 2024, nchi zinazoendelea zilitangaziwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na vichwa vya habari vikaishia hapo. Uamuzi wenyewe unasema fedha hizo zitatoka vyanzo vingi, vya serikali na vya watu binafsi, nchi tajiri zikitangulia. Ruzuku ni ngapi humo? Ile ahadi ya awali ya dola bilioni 100 kwa mwaka iliyotolewa Copenhagen mwaka 2009 ilipaswa kutimia 2020. Kwa hesabu za OECD, shirika la nchi tajiri, ilitimia 2022, na karibu asilimia 70 ya fedha za umma zilizohesabiwa ilikuwa mikopo. Mikopo! Mtu wa Pwani akijengewa ukuta wa bahari kwa mkopo, wanawe ndio watakaoulipa, ilhali moshi uliopandisha maji haukutoka kwake.

Au mkutano wa Belém, Brazil, Novemba 2025. Vilipitishwa viashiria 59 vya kupima jinsi nchi zinavyojikinga na athari za tabianchi. Wajumbe wa Afrika walitaka vifanyiwe kazi miaka miwili zaidi, wakihofia kupimwa kwa kazi ambazo hawajapewa fedha za kuzifanya. Mgogoro huo unawagusa watu wa Mji wa Kale na Likoni kuliko hotuba zote za ufunguzi, nami sikuuona ukielezwa vizuri popote kwa Kiswahili.

Wala msitutafute sisi wenye shahada peke yetu. Kuhusu biashara ya hewa ya ukaa, nendeni Gazi, Kwale, kwa wanakijiji wa Mikoko Pamoja, mradi wa kutunza mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa inayonyonywa na miti hiyo. Wameziuza hati hizo kwa zaidi ya miaka kumi na wanajua bei inavyoshuka na kupanda.

Mwaka 2027 mkutano utakuwa Addis Ababa, basi nauli isiwe kisingizio. Mwandishi wako wa Pwani akipenda, aje Tudor kabla ya kikao cha Bonn tuisome rasimu pamoja, kalamu mkononi. Kahawa tungu nitagharamia mimi.

Mtafiti mstaafu wa bahari,
Tudor, Mombasa