Mtambo hautii, unatimiza matakwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie neno la Kiingereza comply, pamoja na nomino yake compliance, ambalo waandishi na wafasiri wetu wamezoea kulitafsiri kwa "kutii" na "utiifu" bila kuangalia limetumika wapi. Tunasoma kwamba mtambo fulani "unatii" viwango vya usalama, au kwamba hesabu za kampuni "ni tiifu" kwa sheria ya kodi. Mtambo hauna sikio la kusikia amri wala moyo wa kuikubali. Kinachosemwa hapo ni kwamba umeundwa kwa namna ambayo matakwa yote yaliyoandikwa yametimia.

Mzizi wa neno hilo ni complere ya Kilatini, yaani kujaza, na Kihispania hadi leo husema cumplir kwa maana ya kutimiza. Kiswahili nacho kina "timiza", lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu ukamilifu, kwa hiyo mwenzake tulikuwa naye siku zote. Lakini ndani ya Kiingereza neno hilo lilikaa karibu na jingine lenye maana ya kupinda, lisilo na undugu nalo ila kwa sauti, na ujirani huo ukalivuta upande wa unyenyekevu. Ndiyo maana mtu akiitwa compliant huenda anasifiwa kwa usikivu au anasutwa kwa kukosa msimamo, ilhali kifaa kikiitwa hivyo kimekidhi viwango tu, basi.

Ubishi mkubwa zaidi umetokea katika tiba. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyeruka dozi alihesabiwa kuwa amekosa compliance, na lawama ikamwangukia yeye, hata kama aliiruka kwa sababu dawa ilimtapisha, au kwa sababu hakuna aliyemfafanulia kwamba "kutwa mara tatu" huwa ni kila baada ya saa 8. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu matibabu ya muda mrefu, lilichagua neno adherence, yaani ufuasi, likisisitiza kwamba mgonjwa awe amekubaliana na mapendekezo ya mtoa huduma. Ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba katika nchi zilizoendelea ufuasi wa matibabu kwa wenye maradhi sugu ni wastani wa asilimia 50 tu, kiwango ambacho hakiwezi kuelezwa kwa ukaidi peke yake. Washauri nasaha wanaowahudumia watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI husema "ufuasi wa dawa", na sioni kwa nini magazeti yasiwaige.

Hata katika biashara "kutii" kunatukwamisha. Ripoti ya kamati ya Cadbury, iliyotolewa Uingereza mwaka 1992, ilizitaka kampuni za soko la hisa la London ama zifuate mwongozo wa uongozi bora ama zieleze sababu za kutoufuata, utaratibu unaojulikana kama comply or explain. Tukiandika "tii au eleza", msomaji ataona mwenye amri na mkosaji anayejitetea, wakati kampuni iliyochagua kueleza haijavunja chochote. "Timiza au toa sababu" ingemfikishia maana hiyo bila kumhukumu mtu.

Msomaji wako