Msipunguze fungu la zahanati

Mhariri,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Pwani ya Kenya. Nyumba 100 ziko mikononi mwangu, na nazijua zote: nani ana presha, nani anakaribia kujifungua, mtoto yupi hajamaliza chanjo.

Mkoba niliokabidhiwa serikali kuu ilipowagawia wahudumu 100,000 mwaka 2023 bado ninao. Mashine ya presha ni nzima. Kipima sukari nacho ni kizima, ila vitepe vyake vya kupimia damu viliisha na hatujaletewa vingine.

Kuna bibi mmoja ninayemtembelea kila Alhamisi. Ana kisukari, na sasa ana kidonda kwenye kidole cha mguu. Zamani nikimpima papo hapo mkekani kwake, na sukari ikipanda, siku hiyohiyo namfikisha zahanati. Siku hizi hana budi kupanda bodaboda hadi hospitali, shilingi 300 kwenda na 300 kurudi, naye riziki yake ni kusuka makuti. Alhamisi iliyopita nilikuta wiki ya tano imeingia hajapimwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hata leo hukuja na vitepe?" Nilikosa la kumjibu. Nilisafisha kidonda, nikaondoka.

Sasa makadirio ya bajeti ya kaunti yetu yanataka fungu la dawa na vifaa vya zahanati lipunguzwe tena. Nimeyasoma mwenyewe kwenye kikao cha maoni ya umma, na ilibidi niombe nakala mara mbili. Tuliambiwa mapato yameshuka. Nakubali. Lakini mbona fungu la safari na makongamano halikuguswa hata shilingi?

Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, vijana wawili waliokuwa wakiwafuatilia wanaotumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, kijijini kwetu waliambiwa warudi nyumbani. Kumkumbusha huyu siku ya kliniki, kumtafuta yule aliyeacha dawa, yote tumeachiwa sisi. Posho yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Nusu ya kaunti sijaiona kwa miezi minne, na bado natembea.

Katiba ya 2010 iliweka zahanati na afya ya msingi chini ya kaunti. Hatuna mlango mwingine wa kubisha. Bajeti yapasa kupitishwa kabla Juni haijaisha, kwa hivyo nawaomba madiwani wetu warudishe fungu la vifaa kabla ya kuipigia kura, wala wasingoje bajeti ya ziada.

Kikao cha wadi yetu ni Jumanne saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule ya msingi. Wahudumu wenzangu, njooni na madaftari yenu. Langu nitalisoma nyumba kwa nyumba, bila kutaja jina la mtu, mpaka wasikie.

Mhudumu wa Afya ya Jamii,
Pwani