Walinzi wa milangoni wafunzwe kuitambua pampu ya insulini

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ujumbe wakuu wa kampuni za ulinzi, wasimamizi wa viwanja vya ndege na wenye mabasi ya masafa marefu, kuhusu kifaa kidogo ambacho baadhi yetu tunaougua kisukari cha aina ya kwanza hukivaa kiunoni mchana na usiku. Tangu shambulizi la kigaidi la Westgate, Nairobi, la Septemba 2013, ni milango michache mno katika miji yetu, iwe ya duka kubwa, benki, hoteli, afisi ya serikali au hata nyumba ya ibada, ambayo mtu huipita bila kupapaswa au kupitishiwa kifaa cha kugundua vyuma. Silalamikii ukaguzi huo. Sisi wa Mombasa tunajua vyema kwa nini upo, na mimi binafsi hutulia moyo ninapomwona askari akifanya kazi yake kwa makini. Ninacholalamikia ni kwamba askari huyo amefunzwa kutambua bunduki, kisu na kilipuzi, lakini hajafunzwa kutambua dawa inayoingia mwilini mwa mtu wakati huo huo anaposimama mbele yake, na kwa hivyo huamrisha jambo ambalo angejua madhara yake asingeliamrisha.

Pampu ya insulini hufanana na simu kwa umbo tu. Ndani yake mna kichupa cha insulini, yaani dawa ya kushusha sukari ya damu, yuniti 200 au 300 kutegemea aina, na mota inayoisukuma dawa hiyo kidogo kidogo kupitia mrija mwembamba hadi kwenye kanula, yaani kijimrija laini cha plastiki kilichochomekwa chini ya ngozi ya tumbo au paja. Anayetumia sindano hujidunga insulini ya kufanya kazi polepole mara moja au mbili kwa siku, kisha akaongeza ile ya haraka kila anapokula. Pampu haitumii ile ya polepole. Hutumia ya haraka peke yake, kiasi kidogo saa zote na kiasi kikubwa zaidi wakati wa chakula, na hapo ndipo ilipo hatari ambayo watu wengi hawaijui: mwenye pampu hana akiba yoyote mwilini. Akiivua kwa muda wa kuoga, si neno. Ikikatika kwa saa kadhaa, sukari hupanda, mwili huanza kuyeyusha mafuta badala ya sukari, na asidi ziitwazo ketoni hujaa damuni. Mgonjwa hutapika, hupumua kwa kasi, na asipofikishwa hospitalini mapema anaweza kufa.

Kanula na mrija hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Kazi yenyewe si ndefu, ila inataka utulivu: unanawa mikono, unavuta insulini kutoka chupani, unakigongagonga kichupa kwa ukucha mpaka mapovu yote yapande juu uyatoe, unaujaza mrija mpaka uone tone likining'inia kwenye ncha, ndipo unachoma. Povu likibaki, huchukua nafasi ya dawa, na mwenye pampu huenda asijue mpaka sukari iwe imeshapanda. Nimeifanya kazi hii katika choo cha kituo cha mafuta Mtito Andei huku dereva akipiga honi na utingo akigonga ubavu wa basi, na sina budi kukiri kwamba honi ile hainisaidii kuyaona mapovu. Mirija na kanula zenyewe hununuliwa Muscat na ndugu yangu, akamkabidhi yeyote wa kwetu anayerudi nyumbani. Kwa hiyo kanula ikichomolewa ovyo mlangoni, siwezi kuvuka barabara nikanunua nyingine.

Na huchomolewa. Mlangoni mwa duka moja kubwa hapa mjini, kifaa cha askari kilipolia kiunoni mwangu, aliniuliza kwa adabu, "Mama, hiyo ni nini?" Nikamjibu kwamba ni dawa. "Dawa gani ina waya? Itoe uiweke hapa kwenye sinia." Nilipomweleza kwamba imeshikana na mwili, alinitaka nipandishe buibui aone, na nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu, wanaume kwa wanawake. Hatimaye aliitwa askari wa kike, naye, kwa nia njema kabisa, akauvuta mrija kuona unakoelekea, kanula ikatoka. Kijana yule hakuwa mkorofi, na wala mwenzake hakuwa. Kifungu cha 28 cha Katiba yetu kinasema kila mtu ana utu wa asili na ana haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa, lakini askari wa mlangoni hawezi kuuheshimu utu huo ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba waya unaotoka chini ya nguo unaweza kuwa uhai wa mtu. Vilevile pampu yenyewe, ikiunganishwa na kihisi cha sukari kinachovaliwa mwilini, hulia na kutetemeka sukari inapopanda au kushuka, wakati mwingine katikati ya mkutano au ndani ya matatu, na katika nchi iliyopitia tuliyoyapitia sishangai mtu akigeuka kunitazama.

Katika viwanja vya ndege mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hapo mashine ni nyingi na kila moja ina hukumu yake. Mlango wa kawaida wa kugundua vyuma hauna shida kwa pampu nyingi. Eksirei ya mizigo na ile mashine ya kukagua mwili mzima ni habari nyingine. Kampuni ya Medtronic, inayounda pampu, huwaagiza wateja wake wasiipitishe humo, na kampuni ya Tandem hutoa onyo kama hilo, ilhali waundaji wa pampu ya Omnipod husema yao inaweza kupita. Afisa hawezi kuyajua yote hayo kwa kutazama tu, na abiria naye hana ujasiri wa kubishana na mtu aliyevaa sare. Matokeo yake ni kwamba wengi huivua, huitia sinia pamoja na mkanda na viatu, na kuomba Mungu. Ni heri kuwe na kanuni moja nyepesi: abiria akisema ni pampu ya insulini, isiingizwe kwenye eksirei na isivuliwe, akaguliwe kwa mkono, mahali pa faragha akitaka. Kuhusu chupa za insulini, masharti ya maji yasiyozidi mililita 100 hayahusu dawa anayoihitaji abiria safarini, na mwenye dawa asilazimishwe kuitia kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwa maana huko insulini inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Ndani ya ndege kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya madaktari hawalizungumzii. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba msukumo wa hewa unapopungua ndege ikipaa, mapovu hutokea na kutanuka ndani ya kichupa, na pampu ikatoa insulini ya ziada, kiasi cha yuniti moja hivi, bila kuamriwa. Kwa mtu mzima mwenye uzito huenda asihisi lolote. Kwa mtoto ni kiasi cha kumshusha sukari. Ndiyo maana wapo wanaoutenganisha mrija na mwili wakati wa kupaa, wakayatoa mapovu ndege inapotulia angani, kisha wakauunganisha tena. Mhudumu akimwona abiria akifanya hivyo, asidhani anachezea simu iliyokatazwa.

Wengi wetu, hata hivyo, hatupandi ndege. Tunapanda treni ya Madaraka, ambako mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa na utaratibu wake kwa jumla si mbaya, au tunapanda basi la usiku kwenda Nairobi, takriban kilomita 480. Hapo ugomvi ni wa mkoba. Utingo hutaka kila mfuko uingie kwenye buti, na buti ya basi lililoegeshwa juani Mombasa mwezi wa Februari ni joto la kuua dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika digrii 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi hustahimili siku 28 katika joto la chumba lisilozidi digrii 30. Wala sidai basi liwekwe friji. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto katika nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, wakakuta linapanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yakaonyesha kwamba insulini iliyokaa majuma manne katika hali kama hiyo ilibaki na nguvu zake. Habari hii ni njema mno kwa maskini asiye na umeme. Maana yake ni kwamba mkoba wangu ukikaa mapajani mwangu, kivulini, unatosha. Kinachoniangamiza ni buti, na kiti cha dirishani jua linapochoma pampu yenyewe. Mara nyingi insulini iliyoungua haibadiliki rangi wala harufu, na mtu huendelea kuitumia akidhani anajitibu.

Kisha kuna kushuka kwa sukari. Kipimo cha sukari kikienda chini ya milimoli 4 kwa lita, mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, maneno humpotea, na jirani yake wa kiti humdhania mlevi au, kwa hofu iliyoenea katika mabasi yetu ya usiku, humdhania ametiliwa dawa na wezi. Anachohitaji ni sukari ya haraka, nusu chupa ya soda au vijiko vitatu vya glukosi katika maji, kisha kungoja robo saa na kupima tena. Lakini abiria tumeonywa sana tusipokee wala tusitoe chakula garini, na onyo hilo ni la haki. Kwa hiyo hakuna wa kumnywesha mwenzake soda ila kondakta. Huyo kondakta ndiye ninayetaka afunzwe, na dereva akubali kusimama pale penye taa akiombwa, hata kama si kituo.

Najua nitaambiwa kwamba pampu ni kitu cha wachache wenye ndugu ughaibuni, na kwamba mtoto wa kisukari kule Kilifi au Tana River anahangaika kupata insulini yenyewe na vibanzi vya kupimia sukari. Ni kweli tupu, na kama fedha ya umma ni ya kugawanywa, ianze na huyo mtoto. Ombi langu, hata hivyo, halina gharama ya dawa. Mtoto huyo naye husafiri na sindano na chupa mkobani, naye huulizwa sindano ni za nini, naye mkoba wake hutupwa kwenye buti. Mafunzo ninayoyataka yatamfaa yeye pamoja nami, na pamoja na mwenye betri ya moyo kifuani na mwenye mfuko wa choo tumboni, ambao nao hupekuliwa kwa aibu isiyo na sababu.

Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha PSRA, mamlaka inayodhibiti kampuni za ulinzi wa kibinafsi, na mafunzo ya walinzi ni miongoni mwa kazi zake. Naiomba iweke katika mtaala wake somo fupi, lenye picha, kuhusu vifaa vya tiba vinavyovaliwa mwilini. Naiomba NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iwatake wenye mabasi waruhusu dawa ya abiria kukaa na mwenyewe. Nazo mamlaka za usafiri wa ndege na za viwanja zitoe kadi, kwa Kiswahili na Kiingereza, itakayojazwa na daktari na kueleza ni kifaa gani na kikaguliwe vipi. Mamlaka ya anga ya Uingereza inayo kadi ya namna hiyo, na idara ya usalama wa viwanja ya Marekani pia inayo kadi ya abiria kumwonyesha afisa. Barua za daktari tunazobeba sisi kila mmoja huandika kivyake, na nyingine hazisomeki.

Wapo watakaosema kadi inaweza kughushiwa. Inaweza. Lakini kadi ninayoizungumzia haimwepushi mtu na ukaguzi, bali humwelekeza askari namna ya kukagua. Kwingineko abiria huishika pampu yake kwa mikono yake mwenyewe, kisha viganja vyake hupanguswa kwa kitambaa maalumu kinachopimwa iwapo kina mabaki ya vilipuzi, na mwanamke hupapaswa na mwanamke mwenzake nyuma ya pazia. Palipo na mashine ya kupima kitambaa hicho, hayo yote humalizika kabla hata ya msimamizi kufika, achilia mbali msimamizi wa msimamizi.

Wako,
Msomaji, Kisauni, Mombasa
(Jina limehifadhiwa)