Nauli ya mkutano itolewe kabla ya safari

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa kidato cha pili na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile habari yenu ya Jumanne, kuhusu wanafunzi wetu wa sayansi ya kompyuta kutoonekana kwenye mikutano ya kimataifa ya utafiti. Ofisa mliyemhoji alisema fedha za safari zipo, ila vijana hawaombi. Tunaomba. Mimi niliomba nikakubaliwa, na barua yenyewe ninayo mpaka leo.

Wasomaji wasio wa fani hii waelewe jambo moja kwanza. Fani nyingine mtu hutuma makala yake kwenye jarida, akasubiri majibu nyumbani. Kwetu sisi makala nyingi zenye uzito hutoka kupitia mikutano, na mikutano mikubwa kwa kawaida hutaka angalau mwandishi mmoja ajiandikishe na kulipia, la sivyo makala haichapishwi. Anayetuona tunaomba nauli asidhani tunaomba matembezi.

Mei 2023 mkutano wa ICLR, mmoja wa mikubwa kabisa ya akili mnemba duniani, ulifanyika Kigali. Ulikuwa ufanyike Addis Ababa mwaka 2020, korona ikausukumia mtandaoni, kwa hiyo Kigali ndipo Waafrika tulipokutana nao ana kwa ana nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Kazi yangu ya kuiwezesha kompyuta kutambua usemi wa Kiswahili ilikubaliwa kwenye warsha mojawapo. Chuo changu kikaniandikia: nauli na malazi vimeidhinishwa, tumia fedha zako, ukirudi lete stakabadhi urudishiwe.

Fedha zangu zipi? Mama alikopa laki tisa kwenye kikoba chake, riba asilimia kumi kwa mwezi, dhamana ikawa friji anayogandishia barafu za ubuyu anazouzia watoto wa shule. Tiketi ya ndege ingeimeza yote. Nikapanda basi mpaka Kahama, nikaunganisha hadi Benaco, na pale Rusumo, mpakani, nikavuka daraja kwa miguu, bango la kuonyeshea kazi yangu nimelitia ndani ya kipande cha bomba la maji alichonikatia fundi wa mtaani ili masika yasiliharibu. Halikuingia hata tone. Kigali nilipata chumba mtaa wa Biryogo kwa mama mmoja mwenye Kiswahili kitamu, akaniandikia stakabadhi kwa kalamu na kutia sahihi. Nilisimama mbele ya bango lile saa mbili nzima nikijibu maswali ya watu ambao nilikuwa nikiyaona majina yao kwenye makala tu. Sijawahi kufurahi vile tangu nianze kusoma.

Niliporudi, mhasibu alizipanga stakabadhi zangu mezani moja moja. Ya basi imeandikwa kwa mkono, haina risiti ya mashine. Ya malazi haina mhuri. Pasi ya kupandia ndege iko wapi? Nikamweleza kwamba nilikwenda kwa basi kwa kuwa sikuwa na fedha ya kutanguliza. Akanijibu kwamba idhini inasema ndege, kwa hiyo safari iliyoidhinishwa haikufanyika. Nikamfungulia pasipoti, mhuri wa kutoka na wa kuingia, tarehe zinaonekana. Akaniambia mhuri si stakabadhi. Nilirudi kwenye dirisha lile mara kumi na moja, kila mara faili liko kwa mwingine: kwa mkuu wa idara, kwa ukaguzi, mara limerudi kwa dokezo jipya. Mwezi wa saba ndipo nikalipwa laki mbili na elfu themanini. Wakati huo kikoba kilishalichukua friji. Mama hajanilaumu hata siku moja, na hilo linaniumiza kuliko deni lenyewe. Na kwenye korido ileile nilimokuwa nasubiri, nimeona kwa macho yangu wakubwa wakichukua masurufu ya siku mbili za Dodoma kabla hawajafunga hata mkoba. Wao wana mshahara na wanatangulizwa. Mimi sina mshahara, natakiwa kukikopesha chuo!

Hapo sijagusa viza. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za kwenda NeurIPS, mkutano mwingine mkubwa wa akili mnemba, kule Montréal, Canada, na mwaka uliofuata yakajirudia Vancouver, hukohuko Canada. Na kwa mikutano ya Marekani, ada ya viza ya matembezi ilipandishwa hadi dola 185 mwaka 2023, ukinyimwa hairudi. Mwenzangu wa maabara ameshanyimwa mara mbili, na kila alipopeleka madai ya ada aliulizwa: safari gani wakati hukusafiri? Sasa hataki tena kutuma makala nje. Ni kijana mwenye kichwa kuliko sisi wote pale.

Ombi langu kwa vyuo vyote ni hili. Mwanafunzi apewe masurufu kwa fomu ileile ya mhadhiri, siku 21 kabla ya safari, nauli, malazi na ada ya viza humohumo, na hata akinyimwa viza asinyimwe ada hiyo. Akirudi awe na siku 14 za kuyatolea hesabu kwa stakabadhi. Stakabadhi ya basi na ya nyumba ya kulala wageni ikubaliwe ikiwa ina jina, tarehe na sahihi, pamoja na nakala ya mhuri wa mpakani. Asipotoa hesabu, azuiwe matokeo yake, kama anavyozuiwa asiyelipa ada. Fomu nimeshaichora, ni ukurasa mmoja. Jumatatu asubuhi nitaileta ofisini kwenu pamoja na tiketi ya Kahama, mumwonyeshe yule ofisa.

Mwanafunzi wa uzamivu,
Dar es Salaam