Robo ya masika tuipime kwa masika

Ndugu Mhariri,

Kila takwimu za ujenzi za robo mwaka za Zanzibar zikitoka, barazani hukosi kusikia: "Ujenzi umeporomoka!" Umeporomoka wapi? Robo ya Aprili hadi Juni ndiyo hubeba mvua nyingi za masika. Greda halichongi barabara kwenye tope, wala lami haimwagwi mvuani. Robo hiyo ilinganishwe na ile ile ya mwaka uliopita, si na iliyoitangulia.

Naiomba Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali izioneshe kazi za kihandisi, yaani barabara, madaraja, bandari na mabomba ya maji, mbali na majengo, kisha itenge za serikali na za binafsi. Hoteli ya ufukweni Paje, Unguja, hufuata mfuko wa mwekezaji. Barabara ya umma hufuata mikopo na bajeti, ambayo mwaka wake huanza Julai. Zikichanganywa, moja huficha kudorora kwa nyingine. Na Pemba tupewe safu yetu (tumechoka kumezwa na Unguja hata kwenye majedwali).

Tena, thamani ya kazi iliyofanyika isichanganywe na mikataba iliyosainiwa. Mkataba wa leo unaweza kukaa robo tatu, yaani miezi tisa, kabla kijiko cha kuchimbia hakijaingia kazini.

Msomaji wako,
Wete, Pemba