Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: michoro iliyo kabatini mwangu ni siri za wagonjwa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mtabibu wa sanaa, yaani nawasaidia wagonjwa kushughulikia maumivu ya moyo kwa kuchora na kufinyanga, na kazi hii naifanya katika chumba changu binafsi. Nakuomba jambo moja: taaluma yetu iingizwe katika rejista ya taaluma za afya, ili jina lake na kumbukumbu za wagonjwa wake vilindwe na sheria.

Miezi michache iliyopita nilitembelewa na mkaguzi wa leseni. Alikuta meza mbili, sinki, makopo ya brashi na udongo wa mfinyanzi uliofunikwa kwa kitambaa kilicholowa. Akaniuliza nina wanafunzi wangapi. Nikamwambia sina mwanafunzi hata mmoja, nina wagonjwa. Akaisoma leseni yangu, nayo imeandikwa "mafunzo ya uchoraji", kwa sababu siku nilipoiomba fomu haikuwa na mahali pengine pa kuniweka. Kisha akanyoosha kidole kwenye kabati lililofungwa: "Hebu fungua tuone kazi zao."

Sikufungua. Akaandika kwamba sikutoa ushirikiano, akaenda zake. Sina kinyongo naye, maana alifuata karatasi aliyopewa, na darasa la uchoraji linaloficha michoro lazima litiliwe shaka. Lakini ndani ya kabati lile mna mambo ambayo wenyewe hawajawasimulia hata wenzi wao wa ndoa.

Nikupe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha baadhi ya mambo ili mhusika asitambulike. Mzee aliyefiwa na mkewe aliletwa na bintiye. Vikao vitatu vya kwanza hakuchora chochote. Alichonga penseli. Aliichukua moja, akaizungusha polepole kwenye kichongeo, akaiweka, akachukua nyingine, mpaka kisahani kikajaa maganda. Nilikaa naye kimya. (Kukaa kimya namna hiyo kulinichukua muda mrefu kujifunza kuliko rangi zote.) Kikao cha nne aliyamwaga maganda juu ya karatasi, akayapanga kwa ncha ya kidole, likatokea umbo la kitanda. Nusu moja aliijaza, nusu nyingine akaiacha tupu. Akasema, "Huku ndiko alikokuwa akilala." Ndipo tukaanza kuzungumza. Aliomba gundi, tukayagandisha maganda yale pamoja, na karatasi hiyo ipo kabatini mpaka leo.

Mheshimiwa, ile si picha ya ukutani. Ni faili la mgonjwa, kama lilivyo faili la daktari. Tofauti ni kwamba la daktari lina sheria ya kulilinda, langu lina kufuli tu.

Wengi hudhani tunasoma picha kama mpiga ramli: nyeusi ni huzuni, nyumba isiyo na mlango ni upweke. Sivyo. Maana ya mchoro huitoa aliyeuchora, nami kazi yangu ni kumsindikiza aifikie kwa wakati wake. Ndiyo maana niliumia mama mmoja aliponiletea mtoto aliyekuwa hataki tena kushika kalamu ya rangi. Mtoto huyo alikuwa ameuona mchoro wake mwenyewe kwenye simu ya mtu, na chini yake maelezo ya "kasoro" zake. Aliyeusambaza alihudhuria mafunzo ya siku mbili, akatundika kibao chenye jina la kazi yetu. Mama alikwenda kushtaki, akaambiwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Na kweli haikuwepo.

Jina la tiba ya sanaa halikuzaliwa jana. Lilianzishwa na mchoraji Mwingereza Adrian Hill mwaka 1942, baada ya kuonja mwenyewe faida ya kuchora alipokuwa akitibiwa kifua kikuu. Watabibu wa sanaa wa Uingereza waliunda chama chao mwaka 1964, wa Marekani mwaka 1969. Uingereza leo hairuhusiwi mtu kujiita mtabibu wa sanaa bila kusajiliwa na baraza la taaluma za afya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti hiyo inagusa sanaa kwa upana wake, si tiba yetu peke yake, lakini inatosha kuonyesha kwamba suala hili linastahili meza ya wizara yako.

Kwa sisi tulio na vyumba binafsi, kukosa rejista kunagusa kila kitu. Daktari anayetaka kuniletea mgonjwa hana pa kuniandika kwenye barua ya rufaa. Bima ya afya hailipi, hivyo anayekuja ni mwenye uwezo wa kulipa mfukoni, au yule ninayempunguzia ada hadi kodi ya chumba inanishinda. Kikao cha saa moja kina karibu saa nyingine nyuma yake, ya kuandaa meza, kuandika kumbukumbu, kuosha na kukausha. Kila mwezi namlipa mtabibu mwandamizi ili apitie nami kazi yangu na kunisahihisha. Hakuna anayenilazimisha, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mwenye kibao cha siku mbili naye halazimishwi.

Naomba kanuni ziseme wazi kwamba mchoro, kinyago au chungu kilichotengenezwa kikaoni ni kumbukumbu ya mgonjwa. Ziseme kitunzwe miaka mingapi, nani anaruhusiwa kukiona, na kwamba hakipigwi picha bila ridhaa ya mwenyewe, na kwa mtoto, ridhaa ya mzazi pamoja na ya mtoto mwenyewe. Waliokwisha kusoma wapewe muda wa kuwasilisha vyeti na saa walizofanya kazi chini ya usimamizi. Mimi vyangu viko tayari.

Mkaguzi akirudi nitamwonyesha sinki, rangi, vyeti na daftari la mapato, ukurasa kwa ukurasa. Kabati sitalifungua.

Wako mtiifu,
Mtabibu wa sanaa