Mwacheni Baba apande mashua

Minneapolis, Minnesota

Dada yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi bado haijatuachia. Natumai hapo Langoni, Lamu, nyote hamjambo, na magoti ya Baba hayajazidi.

Nakuandikia kwa sababu ya ile simu ya juzi. Nilimpigia Baba kelele, nawe ulisikia. Eti mtu wa miaka 78, ana sukari, ana mtoto wa jicho, ataendaje Faza, kule kisiwa cha Pate, kwa mashua ya tanga kumwangalia nduguye, Ami, na kiharusi chake, na Kaka keshamtafutia spidiboti? Baba alinyamaza. Kisha akasema, "Mimi si furushi," akakata simu.

Basi Ijumaa nilikuwa na zamu ya jioni. Hapa kwenye nyumba ya wazee huwa tunawawekea sinema baada ya chakula. Siku hiyo ikawa The Straight Story ya David Lynch, ya mwaka 1999. Mimi nilikaa na simu yangu, nikiwachungulia tu wasilale vitini. Baada ya muda simu nikaiweka mfukoni.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1994 mzee wa miaka 73, Alvin Straight, aliondoka Laurens, mji mdogo wa Iowa, jimbo tunalopakana nalo kwa kusini, akaenda Wisconsin kumwona ndugu yake aliyepata kiharusi. Macho mabovu, leseni ya gari hana. Akapanda mashine ya kukatia nyasi! Ile ya kukaliwa, mwendo wake kama kilomita 8 kwa saa, na nyuma anakokota trela. Njia ya karibu kilomita 390, kwa wiki sita.

Kwenye sinema daktari anamtaka atumie kigari cha kushikilia akitembea. Mzee hataki hata kukisikia; anaishia kuongeza bakora ya pili. Wazee wangu walicheka, na bibi aliyekaa karibu nami akakipiga teke kigari chake. Huko mbele mtu anajitolea kumfikisha kwa gari, naye anashukuru, ila anataka amalize safari kama alivyoianza. Na mchezaji mwenyewe, Richard Farnsworth, alikuwa na saratani iliyokwisha kumwingia mifupani. Kule kuchechemea hakukuwa kuigiza.

Sikwambii sinema imesema yote. Mambo ya kuamka usiku kumgeuza mtu na kumwosha hayamo, na hayo mimi na wewe ndio tunaoyajua.

Lakini mwisho wake ulinishika. Ndugu hawa walikuwa hawasemezani miaka kumi. Yule mgonjwa anaitazama mashine pale nje, anauliza kama kweli ndiyo iliyomleta kutoka kote kule, na machozi yanamlenga. Hakuna la zaidi. Wanakaa barazani wanatazama nyota. Nikamwona Ami, mdomo umepinda, anaambiwa Baba kaja kwa tanga. Hao wawili wamebeba boriti pamoja kwenye jahazi tangu ndevu hazijaota. Kwa spidiboti Baba atafika kwa muda wa saa moja tu, na Ami atamwona mgeni kama wageni wengine.

Kwa hiyo mimi nimehamia upande wake. Mwambie Kaka zile pesa nilizotuma apewe nahodha yule wa Matondoni anayempenda Baba. Wangoje upepo wa kusi ulegee, na mlango wa bahari wa Mkanda waupite maji yamejaa, wasije wakakwama kwenye tope la mikoko mzee akiwa juani. Dawa zake zifungwe kwenye nailoni zisirowe, na kitu cha kutafuna kisikosekane, sukari isije ikashuka. Mjukuu mmoja afuatane naye, lakini akae omo huko, mbele ya mashua, asimshike mkono mpaka aitwe.

Na ile bakora ya babu bado iko dakani, nyuma ya mlango? Ifute vumbi uiweke karibu na kofia yake. Usimwambie kitu.

Nduguyo akupendaye